Anayegonga Mkiani

Harufu ya gundi ndiyo iliyotangulia. Banda la kayaki lilikuwa limefagiliwa, wala hakuna aliyeziba ufa siku hiyo, lakini harufu ilikuwa inakaba koo.

"Kaka, umeziba boti leo?" dada mtu aliuliza, huku anawafunga wageni majaketi ya kuelea.

"Pua yako hiyo! Unanusanusa kama paka jikoni," akajibu kaka yake, Nahodha kama wageni walivyomwita, akacheka peke yake.

Enzi za uhai wake, mume wa huyo dada ndiye aliyekuwa akipiga kasia mkiani, nyuma ya wageni wote. Siku moja Nahodha alimpa boti yenye ufa, kaupaka gundi na rangi, kanyamaza kimya. Shemeji huyo alipozama, Nahodha akawaambia watu, "Alikuwa amelewa." Masikini dada, akalia kifo, akalia na aibu.

Basi usiku huo Nahodha akawaongoza wageni ghubani, dada akabaki ufukweni, taa zikazimwa. Kila kasia lilipogusa maji, maji yakawaka buluu kwa vijidudu vya bahari ving'aavyo, na wageni wakashangilia kama watoto. Nahodha akagonga ubavu wa boti yake, ngo, na kila boti ikajibu kwa zamu, kama walivyofundishwa, asipotee mtu gizani. Ya mwisho ikajibu.

Kisha, nyuma ya hiyo ya mwisho, ngo.

Akageuka. Kule nyuma maji yalitikisika bila kuwaka, weusi mtupu unaokuja taratibu, unazima mwanga kila unapopita, unawapita wageni mmoja mmoja bila kuwagusa, na harufu ya gundi inapanda, inapanda, mpaka ikawa usoni pake.

"Shemeji," sauti ikanong'ona, imejaa maji. "Waambie nilikunywa nini."

"Niache, ndugu yangu... mbele za wageni?"

"Mbele zao. Sema."

Nahodha akasema, "Ulikuwa umelewa."

Wageni walifika ufukweni salama. "Kiongozi wenu hodari! Katugongea njia nzima," wakamsifu kwa dada.

Boti yake ikaja nyuma yao, tupu. Dada akaimulika. Siyo aliyoondoka nayo kaka yake. Ni ile iliyozama na mumewe, ufa umeachama, gundi yenye rangi inaning'inia.

Akaelewa ni nani aliyeuficha ufa ule. Akainama, akagonga ubavuni.

Ikajibu ngo moja, ya taratibu, kama ya mumewe. Kisha nyingine, na nyingine, za harakaharaka, za mtu anayeomba atolewe.

"Mume wangu," akanong'ona, "usimwachie."