Vinyago Vilivyofukiwa Zizini

"Selestine, njoo leo hii. Wamefukua vinyago vyako."

Apolonia alikuwa nyuma ya jiko la mama yake, simu sikioni, kijijini karibu na Samuye. Kule Geita, kwenye kibanda chake cha kuchonga pale Kalangalala, mchumba wake akaiweka patasi chini. Alijua vinyago gani.

Selestine huyo, kwa mikono Mungu kamjalia. Anachonga sura za mti za kuwauzia watalii, ukizitazama utadhani zitakusalimia. Ila Masudi, tajiri anayezinunua, hataki mpya. Anataka za kuwadanganyia wazungu kwamba ni za enzi za mababu. Basi Selestine huzifukia kwenye samadi mbichi miezi kadhaa, zinatoka nyeusi, mchwa wamezionja. Na samadi nzuri akaiona wapi? Zizini kwa mama mkwe mtarajiwa. Siku ya kuzifukia mama alikuwa mnadani, na ruhusa hakuomba.

Asubuhi hii jirani yao Amosi kaja kuchota samadi ya shamba, jembe likagonga uso wa mtu. Akachimba, ukatoka mwingine. Akapiga yowe. Sasa sungusungu wameitisha kikao, na mwenye zizi ni mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Jamani, huku kwetu hapo hakuna wa kuelezwa zaidi.

"Wanasema mama ni mchawi. Njoo useme ni vyako."

"Apo, nikisema hivyo Masudi ataniacha. Mahari nitatoa wapi?"

"Mama yangu anaweza kuuawa, wewe unanitajia mahari?"

Apolonia akakata simu. Ujumbe ukaingia: "Mpenzi vumilia hadi Jumamosi mzigo utoke. Nakupenda."

Apolonia aliusoma mara mbili. Akajibu: "Naenda kusema mwenyewe. Usipokuja, kwetu usikanyage tena."

Alisema yote kikaoni. Hawakumwamini, mtoto gani asiyemtetea mama yake? Mama alikalishwa chini, kanga mabegani. Mchana kutwa wakabishana, mwishowe wakakubaliana mama ahame kijiji.

Ndipo pikipiki ikasimama. Selestine alishuka vumbi tupu, akapita katikati ya watu, akatoa patasi, akakipasua kinyago kimoja vipande viwili. Ndani mti ulikuwa mweupe, bado mbichi.

"Nilichonga mimi, mwaka huu," alisema. "Nikavifukia kwa siri ili niwadanganyie wageni kuwa ni vya kale. Mama hajui lolote."

Wazee wakavishika vile vipande, wakavinusa. Amosi ndiye aliyeinamisha kichwa wa kwanza. Habari ya kuhama ikafa pale; watu wakatawanyika mmoja mmoja, bila kumtazama mama usoni.

Apolonia akamfuata mchumba wake zizini.

"Ungekuja, kama nisingekwambia naenda mwenyewe?"

Selestine alitafuta jibu la kumpendeza, akaliacha.

"Sijui, Apo."

Ilimuuma, tena sana. Ila Selestine angedanganya, angemjua tu.

"Nakupenda, wala sifichi," alisema Apolonia. "Lakini aliyekalishwa chini si mimi. Mama yuko ndani."

Selestine akaenda, akachuchumaa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Akaendelea kuchambua mboga, kana kwamba mlangoni hapana mtu. Kwa mtu mzima wa Kisukuma kuinyima shikamoo jibu lake, ujue kidonda ni kirefu.

Masudi alimwacha kweli. Selestine akaanza kuuza vinyago vipya kwa jina la vipya, kwa bei ya kuhurumiwa. Kila siku ya mnada alipanda basi kutoka Geita, akachuchumaa pale pale, akasalimia, akasubiri, akaondoka. Apolonia alisikiliza kutoka jikoni, mwiko mkononi, akiomba Mungu mama aseme hata neno moja. Kumwombea msamaha hakuthubutu.

Mvua za kwanza zikaja. Jioni hiyo mama alikuwa anapepeta choroko, na Selestine kalowa chapachapa.

"Shikamoo, mama."

Ungo ukatulia mikononi mwa mama.

"Marahaba, baba. Ingia ndani."

Apolonia akakaa chini palepale jikoni, akalia mpaka ugali ukaungua.