Kengele na Mkono wa Fundi

“Wewe si ulikuwepo? Nani amemvunja fundi mkono?”

Jirani mshona nguo aliuliza hivyo asubuhi, Kengele akiteka maji bombani kabla ya kwenda shule. Binti huyo, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kupiga kengele za baiskeli, aliinamia ndoo yake.

“Sikuona, mama.”

Aliona. Jana yake fundi baiskeli, mgombea udiwani, alikuwa akichora mstari wa chokaa kando ya barabara, mahali walipogongwa na gari watoto wawili. “Mkinichagua, hapa patajengwa njia ya baiskeli,” alisema. Mara wanaume watatu waliofunika nyuso wakamvamia kwa nondo. Mkono ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mmoja alipoinua nondo tena, Kengele, aliyekuwa akimshikia fundi ndoo ya chokaa, alimchapa vidoleni kwa pampu ya baiskeli. Yowe alilotoa lilikuwa la mjomba wake, dereva aliyezoea kuegesha lori mahali hapo penye mstari.

Jioni ile mjomba alirudi nyumbani, vidole vimefungwa kitambaa. “Nimebanwa na mlango wa lori,” alisema, akimkazia macho mpwa wake. “Na wewe, funga mdomo.”

Kengele akaufunga.

Mchana wa siku ile ya bombani, alipotoka shule, alikuta watu wamejaa karakana ya fundi. Walikuwa wamemkamata muuza mkaa, kwa kuwa jana asubuhi alibishana na fundi kuhusu chokaa ile kupita mbele ya magunia yake.

“Leo tunakuwasha wewe,” mmoja alimcheka, akamshindilia ngumi. Jino likadondoka. Fundi, mkono kwenye plasta, alipaza sauti waache, lakini nani wa kumsikia? Aliyepiga mateke mengi kuliko wote alikuwa mjomba.

“Si mimi, jamani,” muuza mkaa alilia, damu ikimtiririka kidevuni.

Kengele alijisukuma hadi ndani. Akapanda benchi, akashika baiskeli iliyoning’inia, akapiga kengele yake bila kukoma mpaka watu wakageuka.

“Si yeye. Ni mjomba. Mfungueni kitambaa, mtaona nilipompiga na pampu.”

Walimfungua kwa nguvu. Vidole viwili vilikuwa vimevimba, vyeusi. Ngumi zikainuliwa upya, safari hii juu ya mjomba, lakini fundi akajipenyeza katikati.

“Nipigeni mimi kwanza, maana mkono mmoja umebaki,” alisema. “Huyu anakwenda polisi akitembea, akawataje wenzake wawili, na njia ya baiskeli tutaipata kwa kura.”

Wawili wakamchukua mjomba. Fundi akamgeukia Kengele.

“Umefanya vyema, mwanangu. Lakini ungesema asubuhi, mwenzetu angekuwa na meno yake yote. Mungu anapenda ukweli. Usiucheleweshe, kuna mtu anapigwa ukiwa bado mdomoni mwako.”

Kengele akamwendea muuza mkaa, machozi yakimtoka. “Nisamehe, baba.”

Muuza mkaa aliokota jino lake sakafuni, akalifuta kwa shati.

“Nimesikia,” alisema.

Akachukua kofia yake, akatoka akichechemea juu ya mstari wa chokaa.