Damu ya Gladness

Paskazia alikuwa anaanika dagaa ufukweni Igogo pamoja na binti yake wa miaka kumi na tisa, Gladness. Mumewe, Mihayo, alikuwa amelazwa hospitali, akisubiri kupasuliwa uvimbe tumboni. Tangu apunguzwe kazi kiwandani alikuwa akibeba magunia bandarini.

Wauguzi waliomba ndugu watoe damu. Mama na binti walipimwa. Mihayo ni kundi A, Paskazia B, Gladness O.

Justa, dada yake Mihayo, aliposikia alikuja mbio hadi kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, mbele ya wanawake wote.

"Baba A, mama B, mtoto O! Hiyo O umeitoa wapi, wifi? Huyu si damu yetu. Mrudishe kwenu Bukoba!"

Gladness aliangusha ungo. Machozi yakamlengalenga.

"Okota ungo, mwanangu," Paskazia alisema. "Hatuendi Bukoba. Wifi, twende hospitali, na wewe ukapimwe."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Umesema damu inataja ukoo. Basi na yako iseme."

Maabarani walimkuta mpimaji, Evelina. Alimtoboa Justa kidole, akapima.

"Mama, wewe ni kundi O."

"Na kaka yako ni A," Paskazia alidakia. "Sasa wewe ni wa ukoo gani, wifi?"

Justa alimgeukia Evelina.

Evelina akaeleza. "Kila mtu hurithi kundi la damu kwa wazazi wote wawili. Mtu wa A anaweza kubeba O iliyojificha. Wa B vilevile. Mtoto akipata O kwa baba na O kwa mama, anakuwa O."

"Kwa hiyo imethibitika ni mtoto wa kaka?" Justa aliuliza.

"Hapana. Kipimo hiki hakimtaji baba, wala ukoo. Mara nyingine huonyesha tu kwamba fulani hawezi kuwa mzazi. Hapa hakikuonyesha hivyo."

"Umesikia?" Paskazia alisema. "Mimi namjua baba wa mwanangu. Uliyasema ufukweni, utayafuta ufukweni."

Siku hiyo Justa na Gladness walitoa damu. Mtu wa A anaweza kupewa damu ya O, na baada ya vipimo vingine ilimfaa Mihayo, akapasuliwa salama.

Kesho yake Justa alisimama kati ya vichanja. "Nilikosea," alisema chini chini. "Gladness ni mtoto wetu."

"Paza sauti, wifi," Paskazia alisema. "Wa kule mwisho hawajasikia."

Justa akapaza sauti.