Chumvi ya Mwalimu

Nilikutwa na taulo kiunoni, katikati ya chumba cha Mwalimu, mdomo umejaa chumvi yake.

Nimezunguka nchi nne nikitengeneza mafriji. Nimefukuzwa kwa mengi, lakini si kwa chumvi.

"Jirani," Mwalimu alinong'ona kutoka mlangoni. "Nyumba nzima tunakujua kwa mluzi wako. Leo umeingia kimya. Umefuata nini?"

"Uchovu tu, Mwalimu. Nimekosea mlango."

Mlango wangu uko ng'ambo ya ua.

Nilikumbuka hiki tu: jua linazama, nimeshika sabuni, naenda kuoga. Nikasikia cherehani...

Tiki-tiki-tiki.

Na harufu ya mafuta ya mashine. Vyote vilitoka chumba cha pembeni, chenye kufuli tangu mwezi uliopita, tulipomfukuza Dada Mshonaji.

Tulimfukuza, nasema, kana kwamba tulipanga foleni. Aliyeanza ni mimi. Naye alikutwa hapahapa, na kopo hilihili la chumvi, akasema amechoka. Nikacheka mpaka nikashika mbavu: "Uchovu gani huo unaojua chumvi ilipo? Huyo mchawi!"

Wapangaji wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Asubuhi akaondoka na cherehani kichwani.

"Kesho kuna kikao," Mwalimu alisema. "Cha Dada Mshonaji unakikumbuka."

Nikavaa shati, ndani likawa nje, nikakimbilia mtaa wa pili alikohamia. Nilimkuta anapinda suruali. Hakuinua uso.

"Dada, nakuomba kesho uje unisemee. Wataniita mchawi! Mimi, unayenijua! Nilichoka tu, halafu nikasikia cherehani yako..."

"Hata mimi nilichoka."

"Wewe nilidhani..."

"Ulidhani."

 Maneno niliyokuwa nimeyaandaa njiani yote yalikuwa yake. Aliyasema mwezi uliopita, nami nikayacheka.

Ndipo nikaona mguu wake. Ulikuwa umetulia juu ya pedali. Gurudumu halizunguki. Sindano imesimama.

Tiki-tiki-tiki...

Nyuma yangu. Kule nilikotoka.

Ulimi ukanikauka. Nikataka chumvi. Mungu wangu, niliitaka kama mtoto anavyotaka ziwa la mama.

"Dada," nikanong'ona, "siku ile... wewe ulisikia nini?"

Akakata uzi kwa meno. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mluzi wako. Haya, toka."