Namba Nyuma ya Mto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Malika alifagia maranda katika karakana ya baba yake mtaani Kabondo, mjini Kisangani. Mbao za limbali, mti mgumu wa msituni, zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na ndani mlinuka varnishi na mti mbichi. Papa Fadhili alitengeneza majeneza. Yeye na jamaa zake walikuwa Waislamu, na kwao maiti alizikwa kwa sanda bila sanduku. Lakini tangu enzi za babu yake walikuwa wakiwaundia masanduku Wakristo wa mtoni, wa vijiji vya Yanonge na Isangi, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walisema sanduku la Papa Fadhili halitoi mlio likibebwa.

Malika alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jumatano na Jumamosi alasiri alijifunza kompyuta kwa Madame Patricia, ambaye aliwafundisha vijana kutengeneza kurasa za mtandao za kutangaza kazi za mtaani: ushonaji, saluni, mikate.

"Kurasa elfu zinafanana," Madame Patricia alipenda kusema. "Jina juu, picha katikati, namba chini. Mutu anapita tu kama hajaona kitu. Ninyi mutafute kitu atakachokumbuka!"

Mwisho wa masomo, ukurasa bora ungeonyeshwa ukutani mbele ya wazazi wote. Malika aliutaka ushindi huo kuliko kitu chochote.

Basi, ili kuitangaza kazi ya baba yake, akatengeneza mto. Ukurasa ukifunguka, kioo chote cha simu kiligeuka maji, ngoma zikalia, mtumbwi ukatokea. Mgeni aliusukuma kwa kidole, na kila alipopiga kafi, ubao mmoja ulielea mbele yake ukiwa na picha ya kazi ya Papa Fadhili. Baada ya ubao wa saba, mbao zote zilikusanyika ng'ambo, zikajipanga zenyewe zikawa sanduku. Kifuniko kikainuka, na ndani yake ndimo ilimokuwa namba ya simu.

Priscille, rafiki yake wa benchi moja, aliucheza mpaka mwisho, akacheka huku ameshika tumbo.

"We Malika! Mutu iko na kilio, na weye unamwambia apige kafi?"

"Ndiyo, apige! Akitaka kuvuka atapiga," Malika akajibu, nao wakacheka tena.

Madame Patricia hakucheka. Aliusukuma mtumbwi mpaka ng'ambo. "Bon. Sijaona mwingine kama huu," alisema. "Lakini weka namba juu kabisa, Malika, mwenye haraka aione mara moja."

"Ndiyo, madame."

Alijaribu. Aliiweka namba juu ya maji, nayo ikawa kama kibandiko cha bei kwenye paji la uso la bibi harusi. Akaifuta. Nitairudisha baada ya maonyesho, alijiambia.

Siku ya maonyesho alipata nafasi ya kwanza. Papa Fadhili, ambaye simu yake ilikuwa ndogo ya vibonye isiyofungua mtandao, alisimama nyuma ya watu akipiga makofi kwa mikono yake mipana mpaka wengine wakamaliza kabla yake. Njiani kurudi nyumbani alimuuliza:

"Namba yangu iko mbele, si ndiyo? Mutu mwenye kufiwa hana kichwa cha kutafuta-tafuta."

"Iko mbele, papa."

Uongo ule ulimtoka bila uzito wowote. Alikusudia uwe kweli kesho yake. Kesho ikaja na mtihani wa hesabu, keshokutwa ikaja na nguo za kufua. Wiki tatu zikapita, na ukurasa ukawa umesambaa kutoka simu hadi simu.

Jumamosi moja asubuhi mwanamume mmoja aliingia karakanani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, na viatu vyake vilikuwa na tope la bandarini. Papa Fadhili alimtambua mara moja. Alikuwa Papa René, mvuvi wa Yanonge. Miaka tisa nyuma Papa Fadhili ndiye aliyemuundia baba wa mvuvi huyo sanduku.

"Papa René! Karibu, karibu! Mama Julie iko muzima?"

"Mama alituacha. Leo siku ya kumi na mbili."

Papa Fadhili aliweka randa chini. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Na sanduku yake?"

"Ndiyo sababu nimekuja." Papa René alikaa kwenye kigoda alichosogezewa. "Miaka yote mama alikuwa anasema: siku yangu ikifika, ni Fadhili ataniundia, kama alivyomuundia baba yenu. Tulimuahidi. Lakini namba yako ilipotea na simu yangu ya zamani mtoni. Mupwa wangu Franck, iko Bafwasende, akanitumia huu ukurasa wako. Ilikuwa asubuhi. Boti ya kwetu ilikuwa inatoka huku saa sita, nikajua hukosi sanduku tayari; nikikupigia, utalipakia. Nikafungua."

Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya goti.

"Ngoma zikalia ndani ya nyumba ya kilio. Wazee wote wakanigeukia. Nikaondoa sauti. Naona maji, naona mutumbwi. Namba sioni. Nikafikiri simu imeharibika. Nikasukuma, nikasukuma. Mega zangu za mtandao zikaisha mutumbwi ukiwa katikati ya mto."

"Na boti?"

"Ikatoka."

"Alors, mulimuzika na nini?" Papa Fadhili aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tuling'oa mlango wa jikoni. Tukavunja kitanda chake. Mbao hazikutosha. Upande wa miguu tuliziba na mukeka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Sikuja kugombana. Nilitaka tu kujua kama mulifunga karakana."

Malika alikuwa amesimama na ufagio. Baba yake alimgeukia.

"Malika. Namba yangu iko mbele?"

"Labda ni réseau, papa," alijibu haraka, akiusingizia mtandao wa simu. "Huko Yanonge réseau inasumbua…"

"Labda," Papa René akakubali kwa upole, akiinamisha kichwa chake kilichonyolewa. "Réseau ya kwetu ni mubaya kweli."

Kule kuaminiwa ndiko kulikomshinda. Mgeni angemkaripia, pengine Malika angeendelea kudanganya. Ufagio ulimponyoka.

"Hapana. Si réseau," alisema. "Namba niliificha mwisho. Madame aliniambia niiweke juu, nikaona itaharibu picha. Nikakudanganya, papa."

Papa Fadhili hakuinua mkono wala sauti. "Usiniambie mimi," alisema. "Muambie yeye."

Malika alipiga magoti kwenye maranda mbele ya mgeni. "Papa René, unisamehe. Mama Julie alikosa sanduku yake kwa sababu yangu."

Mvuvi yule alimshika mkono. "Kusamehe, nimesamehe, mutoto. Inuka. Lakini nikifunga macho bado naona ule mukeka."

Hakuna kipigo ambacho kingemuuma Malika zaidi ya maneno hayo.

Saa ile ile alikimbia kwa Madame Patricia, akamweleza yote bila kuruka neno. Walikaa mbele ya kompyuta mpaka adhuhuri. Walizima ngoma, wakaondoa maji na mtumbwi. Badala yake Malika aliweka ubao mmoja tu wa limbali, mistari yake ikionekana vizuri, na juu yake jina la baba yake na namba kubwa kama zilizochongwa kwa patasi. Chini aliandika: *Pole kwa msiba. Gusa namba, tutakujibu.* Ukurasa ulikuwa mwepesi, ukafunguka mara moja hata kwenye simu kuukuu ya mlinzi wa mlangoni. Priscille, aliyekuwa amepita kuwaona, aligusa namba kwa majaribio, na Papa Fadhili akaitika. Safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini ukurasa mpya haukuweza kumwondoa Mama Julie kwenye mkeka. Papa Fadhili alichagua ubao bora kuliko mbao zote, akaunda msalaba wa kaburi. Malika aliupiga msasa siku mbili mpaka ncha za vidole zikachubuka, kisha akaandika jina la Mama Julie kwa brashi, herufi moja moja.

Siku ya boti ya kurudi Yanonge waliubeba pamoja hadi bandarini. Papa René alipitisha kidole juu ya jina la mama yake, akaufunga msalaba kwa kitambaa, akapanda.

Boti ilipokwisha kuzunguka kona ya mto, Papa Fadhili alisema:

"Akili ya kubuni ni zawadi, Malika, sikukatazi. Lakini kabla ya kupamba kitu, uliza ni nani atakifungua, na siku hiyo moyo wake utakuwa wapi. Mwenye kulia haoni mbali. Anachotafuta kiweke karibu na mukono wake. Na neno 'iko', ulitamke kitu kikiwa kiko kweli. Kesho uliyoisubiri ilikuwa siku ya maziko ya mwenzio."

"Nimesikia, papa," Malika alisema. Baba yake alimshika bega, wakapanda ngazi za bandari taratibu.