Dawa ya Kupe Kichwani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kwandu alifagia zizi la ng'ombe wa baba yake, Mzee Ngassa, kijijini kwao katika kata ya Nemba. Kinyesi cha ng'ombe hakikumtia kinyaa hata kidogo. Lakini asubuhi moja, alipokuwa akijikuna kichwa, kitu kilinasa kwenye ukucha. Akakitazama. Kilikuwa kinatembea!

"Uwi!" Akakipangusa ukutani. Chawa, tena mnene, ameshiba damu yake! Akapapasa nyuma ya masikio: vijiyai vimeng'ang'ania nywele, havibanduki. Ptuu!

Alijua mama yake angeleta wembe. Na Jumamosi ilikuwa harusi ya dada yake Jovina, ambapo yeye na rafiki yake Aline wangeshika maua. Kipara siku ya harusi? Thubutu! Akajifunga kitambaa, akanyamaza siku tatu, huku chawa wakijilia sikukuu.

Siku ya nne uvumilivu ulimwisha. Kupe wanakufa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, sembuse chawa? Akaichukua chupa stoo, akafungua kizibo. Harufu kali ikamtoa machozi.

"Kwandu! Weka chini!" Mama alimpokonya chupa. "Hii ni sumu! Unataka upofuke? Unataka kufa?"

Kwandu akaangua kilio, akavua kitambaa. Mama akachungulia, akakunja uso.

"Mungu wangu, humu kuna gulio zima!"

Hakumpiga. Alimfumua nywele, akamnyoa zote, akazitupa motoni. Chawa wakalia ta! ta! Kwandu akaziba pua. Shuka na vitambaa vikatokoswa. Wadogo zake wanne wakakaguliwa, na wote wakakutwa nao, wakanyolewa. Mama mwenyewe akapakaa mafuta, akachanwa kwa kitana chenye meno yaliyobanana. Angerudia kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, maana mayai huchelewa kuanguliwa.

"Wiki iliyopita ulilala kitanda kimoja na Aline," Mama akasema. "Nenda ukamwambie."

Hilo lilimwuma kuliko wembe. Alimkuta Aline uani kwao, naye kajifunga kitambaa.

"Aline, nilikuwa na chawa. Huenda nimekuambukiza."

Machozi yakamlenga Aline. Akafungua kitambaa, akajikuna. "Nilifikiri mimi ndiye niliyekuambukiza. Nilijificha usije ukanikimbia."

Mama yake Kwandu akamnyoa na yeye. Jumamosi walishika maua, vipara viwili viking'aa mafuta, na hakuna aliyecheka ila wao wenyewe.

"Chawa humpata hata anayeoga kila siku," Mama aliwaambia jioni ile. "Mngesema siku ya kwanza, ningenyoa vichwa viwili. Mmenyamaza, nimenyoa sita. Mwili ukiwasha, semeni. Na ole wake atakayegusa tena dawa ya kupe!"

Kwandu akapapasa kichwa chake. Hakikuwasha popote.