Mfungo wa Mwalimu wa Kwaya

"Wewe ndiye mchumba wa mwalimu wa kwaya?"

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, miwani puani, mkoba begani, kajipenda kweli, umri wake mgumu kukisia.

"Inategemea nani anauliza."

"Tunaweza kuongea faragha?"

Shoga yake fundi, aliyekuwa kwenye kona akishona vifungo, aliguna. "Faragha ya nini, dada? Hapa sisi ni kitu kimoja. Toa ulicho nacho."

Fundi aliweka mkasi mezani taratibu. Harusi ilikuwa inakaribia, na mchumba wake alikuwa hapokei simu. Akipokea, anajibu neno mojamoja kama anayeng'olewa jino. Kumbe sababu ndiyo hii, imekuja na miwani.

"Una mimba yake?" aliuliza kavukavu.

Mgeni alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mwanangu, mimi nina wajukuu!"

Simu ya fundi ikalia. Meseji ya mchumba wake: *Kuna mama anakuja hapo. Nimemtuma mimi. Tafadhali msikilize kabla hujamrushia kitu.*

"Imechelewa," fundi alisema, uso ukiwaka aibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ana bahati," shoga alinong'ona. "Mimi mkono ulishafika kwenye pasi."

Mgeni alivuta kiti. "Mimi ni mshauri kwenye kanisa lililo nyuma ya soko. Nimesomea ushauri nasaha. Watu wenye mizigo moyoni na akilini wanakuja, tunaongea, tunaomba. Mchumba wako amekuwa akija."

"Si tuna mchungaji wetu? Kwa nini aje kwenu?"

"Kwa sababu kwenu anajulikana."

Fundi aliivuta tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni.

"Mengine atakwambia mwenyewe. Ameniruhusu niseme haya tu: anaumwa. Usingizi haupo, chakula hakipiti, na kuna asubuhi anatamani asingeamka."

"Lakini amefunga! Kwaya nzima inajua amefunga na kuomba!"

"Nani aliwaambia?"

Fundi alirudisha kumbukumbu nyuma. Hakuna aliyeambiwa. Mwalimu alianza kukonda, na siku moja mama mwenyekiti wa kwaya akashika maiki: "Mnamwona mwalimu wenu? Anafunga kwa ajili ya tamasha letu! Igeni mfano!" Mwalimu hakuwa na nguvu za kubisha, akatabasamu. Tangu hapo kila sahani aliyoisukuma ikawa utakatifu. Hata fundi mwenyewe alimpunguzia suruali kiuno mara mbili, huku akijisifu kwa shoga yake kwamba anaolewa na mtu wa rohoni.

"Alinituma nikwambie uko huru," mgeni aliendelea. "Usimsubiri. Nikamwambia, mimi sibebi habari za kuachana. Nitakwenda kumwita, mwambiane wenyewe. Yuko ofisini kwangu sasa hivi."

Fundi alitoka na tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Chumba cha ushauri kilikuwa kidogo: viti vitatu vya plastiki, Biblia mezani, pazia lililofifia. Mwalimu aliinua macho.

"Umekuja na tepu shingoni."

"Usinibadilishie mada. Unaniacha?"

"Nakuokoa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nasimama mbele naimbisha watu habari za furaha. Nikirudi nyumbani nashindwa hata kuvua viatu. Nakaa navyo kitandani. Utaolewa na mtu wa hivyo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mwalimu wa kwaya kaishiwa imani? Niliomba, mpenzi. Niliomba mpaka maneno yakaisha. Hali hii haikuondoka."

"Homa ikikushika," mshauri aliingilia, "kuna anayekuuliza imani yako imekwenda wapi? Hapa tunaomba kila unapokuja. Na kesho unakwenda kwa daktari wa akili niliyekuelekeza, utameza atakachokupa. Mungu hajawahi kunilalamikia kwa hilo."

Fundi alifuta machozi kwa ncha ya tepu. "Na mimi nilidhani una mwanamke."

"Mimi? Nguvu za mwanamke wa pili ningezitoa wapi?"

Wakatazamana. Kicheko kikawatoka wote wawili, kwanza chembamba, halafu hakikuzuilika. Fundi alikuwa amekisahau kicheko cha huyu mwanamume.

"Sikuachi," alisema. "Tarehe ya harusi tutaisogeza. Nataka bwana harusi aliye macho, si anayesimamishwa na suti."

"Na watu watasemaje?"

"Waache waseme. Mimi ndiye ninayeshona gauni, na halijaisha."

Mshauri alikunja mikono mapajani. "Mwanangu, nataka ahadi moja ndogo. Mtu akikuuliza hali, usiseme u mzima kama si mzima. Sema ukweli, hata kwa neno moja."

"Hiyo ni ndogo?"

"Ndogo kabisa."

"Haya. Naahidi."

Jumamosi mchana kwaya ilikusanyika kwa mazoezi ya mwisho. Kwaya ya wageni ilikuwa imekaa viti vya mbele. Mama mwenyekiti alishika maiki, uso ukimeremeta.

"Mwalimu wetu! Hali gani, mtumishi? Bado uko kwenye mfungo? Hebu waambie wageni siri yetu!"

"Amina!" watu wakaitikia.

Kwenye benchi la nyuma, fundi aliacha kupumua. Tabasamu moja tu, na yangepita. Na akisema kweli? Katika kwaya ile, aliyehesabiwa kuwa ameyumba kiimani hakupanda jukwaani msimu mzima. Na wimbo wa tamasha alikuwa ameutunga mwalimu, peke yake.

"Mama," mwalimu alisema, "sijafunga."

Spika ikakoroma.

"Sikuwahi kufunga. Naumwa. Ni akili, mama. Silali, sili. Natibiwa, na ninaombewa. Mkiamua nikae benchi, nitaelewa."

Mtu akakohoa. Mama mwenyekiti alimtazama kuanzia kola iliyompwaya mpaka viatu, kama anamwona leo.

"Na mimi nikakutangaza!"

"Ndiyo, mama."

"Kwa spika!"

"Kwa spika, mama."

Mmoja wa waimbaji wa besi akazuia kicheko, akashindwa. Mama mwenyekiti hakucheka. Alishusha maiki, akamsogelea.

"Basi jukwaani hupandi. Msaidizi wako atasimama."

"Sawa, mama."

"Si adhabu, mwanangu." Sauti yake ikakatika. "Unakwenda kupumzika. Nilikuona unaisha, nikakupigia makofi. Nisamehe."

Alimkumbatia mbele ya wageni wote, kisha akamwachia. Mwalimu akapita katikati ya viti, watu wakimgusa bega kimyakimya, akaketi karibu na fundi. Mbele, msaidizi aliinua mikono na kuanzisha wimbo, haraka mno.

"Anaukimbiza," mwalimu alinong'ona, akishika goti lake kwa nguvu. "Ubeti wa pili unatakiwa utulie. Anauua wimbo wangu."

"Mwache aue."

Mwalimu hakunyanyuka. Fundi akauchukua mkono wake.

"Unajisikiaje?"

Alifikiri kwanza.

"Vibaya," alisema. Akaegemea benchi, mabega yakashuka, pumzi ndefu ikamtoka. "Lakini nimepumua."